Historia na Nesi, sehemu ya 14: Sherehe iliyozaliwa na homa

 

Wiki iliyopita tulimaliza surua, mkaniambia nesi tumechoka na wodi, tutoe hata matembezi. Haya, leo tunatembea. Tunakwenda Japani, mji wa Kyoto, mwezi wa saba, kwenye hekalu la Yasaka na sherehe yake kubwa inayoitwa Gion Matsuri. "Matsuri" ni sherehe kwa Kijapani. Ila nawaonya mapema, mimi ni nesi, kwa hiyo hata kwenye matembezi nitawarudisha kwenye homa tu. Safari hii wala silazimishi. Sherehe yenyewe ilianza kwa sababu ya ugonjwa.

Ni ndefu. Kama mtoto hajalala, mlaze kwanza.

Tuanze kwa kuingia. Kyoto ina barabara ndefu ya maduka inaitwa Shijo. Ukiifuata kuelekea mashariki mpaka inapoishia, unakutana na ngazi za mawe na lango la mbao lililopakwa rangi nyekundu ya kuwaka. Hilo ndilo hekalu la Yasaka. Ni la dini ya Shinto, ile dini ya asili ya Wajapani yenye miungu mingi ya milima, mito, mvua na mababu. Kuingia ni bure, na uwanja wake haufungwi usiku wala mchana. Kabla hujasogea mbele kuna birika la maji, na hapo utaratibu ni kunawa: unateka kwa kata, unaosha mkono wa kushoto, halafu wa kulia, kisha unasukutua mdomo kwa maji uliyomimina kiganjani. Usiguse kata kwa mdomo! Nilipojifunza hilo nilicheka peke yangu. Watu wamekuwa wakifanya hivyo karne na karne, na sisi kliniki bado tunabandika picha za kunawa mikono ukutani.

Mapokeo ya hekalu yanasema lilianzishwa mwaka 656. Lakini mji wenyewe, Kyoto, ulifanywa makao ya mfalme mwaka 794, na hapa ndipo stori yetu inapoanza kuwa tamu na kuwa chungu.

Fikiria mji mpya, watu wengi, nyumba zimebanana, ardhi ina maji, na mto Kamo unapita pembeni. Mto huo ulikuwa unafurika kila mara. Kuna mfalme mmoja wa baadaye, Shirakawa, anayekumbukwa kwa kusema mambo matatu yalimshinda kuyatawala: maji ya mto Kamo, kete za kamari, na watawa wenye fujo wa mlimani. Sasa wewe mama unayeishi bondeni, si unajua mvua ikipita nini kinafuata? Vyoo vinafurika, visima vinachafuka, halafu jua linawaka, na watoto wanaanza kuhara. Japani msimu wa mvua ni mwezi wa sita kuingia wa saba, halafu joto kali. Ndiyo maana sherehe za kufukuza magonjwa zilikaa majira ya joto. Watu hawakujua vijidudu, ila kalenda ya vifo waliijua vizuri sana.

Na magonjwa mengine yalishawapiga kabla. Kati ya mwaka 735 na 737 ndui ilipita Japani nzima. Wanahistoria wanakadiria iliondoka na robo mpaka theluthi ya watu. Hebu hesabu nyumba za mtaa wako, kila ya tatu au ya nne uifute. Haikuchagua maskini tu. Mwaka 737 ndugu wanne wa ukoo wa Fujiwara, waliokuwa wameshika serikali mkononi, walikufa wote mwaka mmoja.

Watu wa wakati ule walielezaje? Kwa mizimu yenye kinyongo. Najua hapo mtaniuliza, nesi umeanza mambo ya mizimu? Subirini. Mwaka 785 mdogo wake mfalme Kanmu, mwanamfalme Sawara, alituhumiwa kuhusika na mauaji ya ofisa mkubwa. Alikataa kosa, akaacha kula, akafa njiani akipelekwa uhamishoni. Baada ya hapo mama yake mfalme akafa, wake zake wakafa, mtoto wake mrithi akaugua. Mji mzima ukaunganisha: tulimdhulumu mtu, sasa anatudai.

Mimi siamini kwamba mzimu unaleta kuhara. Lakini angalieni kilichojificha ndani ya imani hiyo. Wakubwa walilazimika kukiri hadharani kwamba dhuluma ya ikulu ina gharama, na wanaolipa ni watoto wa mtaani.

Mwaka 863 ukaja ugonjwa wa kukohoa ulioua wengi. Serikali ikafanya ibada ya kutuliza mizimu ya Sawara na wenzake kwenye bustani ya mfalme inayoitwa Shinsen-en. Kulikuwa na muziki na watoto wa familia kubwa walicheza ngoma. La ajabu ni kwamba siku hiyo milango ya bustani ilifunguliwa, raia wa kawaida wakaingia. Bustani ya mfalme! Miaka sita baadaye, 869, maradhi yakarudi. Mapokeo yanasema zikasimamishwa fimbo ndefu zenye ncha ya mkuki, 66, moja kwa kila mkoa wa nchi, ili roho za maradhi zivutwe kwenye ncha hizo. Na kutoka hekalu la Gion (ndilo jina la zamani la Yasaka) wakabeba mikoshi, yaani kijumba kitakatifu kinachobebwa mabegani, mpaka kwenye bustani ile. Huo mwaka 869 ndio wanaouhesabu kuwa mwanzo wa sherehe. Kuanzia 970 ikawa ya kila mwaka.

Mungu aliyeombwa pale hekaluni alikuwa anaitwa Gozu Tenno. Maana yake ni mfalme wa mbinguni mwenye kichwa cha ng'ombe. Shikeni hilo la ng'ombe, tutalirudia.

Kuna hadithi yake kila mtoto wa Kyoto anaijua. Mungu huyo alikuwa safarini, usiku ukamkuta, akabisha hodi kwa tajiri mmoja, Kotan Shorai. Tajiri akamnyima malazi. Akaenda kwa ndugu yake yule tajiri, maskini Somin Shorai, naye akamkaribisha, akamtandikia majani alalie, akampa chakula cha mtama kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Miaka ikapita, mungu akarudi, akamwambia Somin: ugonjwa ukija, watu wako wavae kiunoni pete iliyosukwa kwa nyasi, na waseme ni wajukuu wa Somin Shorai. Ugonjwa ukaja. Nyumba ya Somin ikapona, wengine wakaisha. Wanaosoma kitabu cha Kutoka watakumbuka ile damu kwenye miimo ya mlango.

Mpaka leo, ukipita mitaa ya Kyoto, inua macho juu ya milango. Utaona fungu la majani ya mwanzi lililofungwa kwa ustadi, na kikaratasi chenye maandishi kwamba wa nyumba hii ni wazao wa Somin Shorai. Linaitwa chimaki. Jina hilohilo ni la chakula kinachofungwa kwenye majani, kwa hiyo wageni hununua wakadhani watakula. Ndani hamna kitu! Hiyo ni hirizi ya mlango, inakaa mwaka mzima, mwakani unachukua mpya.

Sasa mama wa pwani, usijifanye unashangaa. Tunaziona hirizi kwenye mikono ya watoto wanaoletwa kupimwa uzito, tunauona wanja uliopakwa pajini kuzuia jicho. Mimi sijawahi kumkata mtoto hirizi yake. Kamba ipo mkononi, chanjo naichoma pajani, nafasi inatosha. Kinachonisumbua ni yule anayefunga hirizi kisha anabaki nyumbani.

Turudi barabarani. Kilele cha sherehe ni magari makubwa ya mbao yanayoitwa yamahoko. Zile fimbo 66 za mwaka 869 ndizo zilizokua polepole mpaka zikawa haya magari. Leo yapo 34. Tarehe 17 Julai yanapita 23, tarehe 24 yanapita 11. Makubwa kabisa yanafika urefu wa mita 25, kama jengo la ghorofa nane, na uzito wa tani 12 hivi. Yanaunganishwa kila mwaka upya kwa kamba za majani makavu, bila kupigiliwa msumari, ili mbao ziweze kucheza kidogo gari linapotikisika. Gurudumu halikati kona, kwa hiyo kwenye njia panda wanatandika mianzi iliyopasuliwa, wanaimwagia maji, halafu wanaume wanavuta gari kwa ubavu mpaka linageuka. Watu wanapiga makofi kama goli limefungwa.

Pembeni wanatundika mazulia na vitambaa vya thamani kutoka nchi za mbali. Gari moja, Kanko-hoko, lina pambo lililofumwa Ulaya karne ya 16 lenye picha ya Rebeka kisimani. Rebeka wa kwenye Biblia, kwenye sherehe ya Shinto! Wafanyabiashara wa Kyoto walikuwa na hela, na kila mtaa ulitaka gari lake lipendeze kuliko la jirani. Ndiyo maana wanapiga kura tarehe 2 Julai kupanga nani atangulie, kuepusha ugomvi. Yapo magari kadhaa yasiyopigiwa kura, na moja kati yao linatangulia kila mwaka: Naginata-hoko, lenye upanga juu ya kilele. Inasimuliwa upanga wa kwanza ulifuliwa na mhunzi Sanjo Munechika akimwombea binti yake mgonjwa apone. Unaona? Hata juu ya lile gari la kwanza, kuna mzazi na mtoto mwenye homa.

Juu ya gari hilo anakaa mtoto wa kiume aliyepakwa poda nyeupe na kuvikwa taji. Anaitwa chigo, mtoto mtakatifu. Ndiye anayekata kwa upanga kamba iliyotandwa barabarani, maandamano ndiyo yanaanza. Zamani magari mengine pia yalikuwa na watoto, siku hizi yana wanasesere, amebaki huyu mmoja. Akishapewa cheo chake hekaluni tarehe 13, miguu yake haitakiwi kugusa ardhi, anabebwa begani na mwanamume mwenye nguvu. Na kwa desturi ya zamani wanawake hawamhudumii, hata mama yake mzazi. Siku kadhaa hampakulii mwanawe chakula. Wanawake hawapandi Naginata-hoko mpaka leo, ingawa magari mengine yameanza kuruhusu. Hilo mimi linanikera, nasema wazi. Usiku wa homa nani alikuwa anakaa macho? Lakini ndiyo desturi yao, nao wanabishana wenyewe.

Kitu ninachokipenda zaidi katika historia hii ni ukaidi wa watu wa mtaani. Vita vya Onin, 1467 mpaka 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto. Sherehe ikasimama zaidi ya miaka thelathini, ikarudi mwaka 1500. Mwaka 1533 serikali ya kijeshi ikaamuru ibada ya hekalu isifanyike. Wakuu wa mitaa wakaenda kuomba: hata kama ibada ya hekalu haitakuwepo, sisi tunataka kupitisha magari yetu. Hapo unaelewa sherehe ilishahama mikononi mwa wakubwa. Ilikuwa ya wenye maduka, mafundi, na familia zao.

Kama una mpango wa kwenda na watoto kweli (najua wapo mlio Ulaya, Marekani na Ghuba, na tiketi kwenu si ndoto), nisikilizeni kama nesi. Jioni za tarehe 15 na 16 mitaa inafungwa kwa magari ya kawaida, taa za karatasi zinawashwa, filimbi na kengele zinalia, ni pazuri mno, lakini ni umati wa kutisha. Mtoto mchanga mbebe kifuani, kigari cha mtoto kiache hotelini. Joto la Kyoto mwezi wa saba linapita nyuzi 35 na lina unyevu kama wa Dar mwezi wa pili. Anayenyonya mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mkubwa mpe maji kabla hajaomba. Akiwa mwekundu, analegea, anaongea hovyo, huyo mtoe juani, mloweshe maji, mpepee, tafuta watu wa huduma ya kwanza palepale. Kwa familia yenye watoto wadogo mimi ningechagua tarehe 24. Watu ni wachache na magari ni mazuri vilevile. Au nenda tarehe 31, siku ya mwisho: ndani ya Yasaka, mbele ya kihekalu kidogo cha Somin Shorai, kunawekwa pete kubwa ya nyasi na watu wanapita katikati yake. Watoto wanaipenda hiyo.

Sasa lile la ng'ombe.

Kwa karne zote hizo, ndui iliendelea kuua watoto wa Japani. Wazazi walijaribu kila kitu. Waliamini mungu wa ndui anapenda rangi nyekundu, basi mtoto akiugua wanamvisha nyekundu, wanampa wanasesere wekundu, wanatundika picha zilizochapwa kwa wino mwekundu. Kulikuwa na msemo kwamba ndui huamua sura na surua huamua uhai.

Dawa ilianza kupatikana Ulaya. Mwaka 1796 Edward Jenner wa Uingereza alionyesha kwamba ukimwambukiza mtoto ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, ndui yenyewe haimpati. Lakini kuifikisha Japani ilikuwa kazi. Meli inatoka Batavia, Jakarta ya leo, wiki kadhaa za joto, majimaji ya chanjo yanafika yamekufa. Mara nyingi walijaribu, mara nyingi ikashindikana. Mpaka mwaka 1849, daktari wa Kijapani Narabayashi Soken akashauri waletewe magamba makavu ya kidonda badala ya majimaji. Yalipofika Nagasaki, daktari Otto Mohnike aliwachanja watoto watatu. Wawili haikushika. Mmoja ilishika, naye alikuwa mtoto wa Narabayashi mwenyewe.

Mtoto mmoja, mama zangu. Nchi nzima ilikuwa inategemea kidonda kwenye mkono wa mtoto mmoja.

Leo chanjo zako zinasafiri kwenye mnyororo baridi: friji, sanduku la barafu, kipimajoto. Wao friji hawakuwa nayo. Friji ilikuwa mtoto. Baada ya siku kama saba kidonda kikiiva, wanachukua majimaji yake, wanamchanja mtoto mwingine, naye siku saba tena, mwingine. Ukikosa mtoto wa kufuata, mnyororo umekatika, unaanza kungoja meli upya. Hivyo, mkono kwa mkono, chanjo ikafika Kyoto mwaka huohuo wa 1849. Daktari mzee Hino Teisai akafungua kituo cha kuchanja. Kutoka mkoa wa Fukui akaja daktari Kasahara Hakuo, akaichukua chanjo kwa njia pekee iliyowezekana: aliondoka Kyoto na watoto waliochanjwa pamoja na wazazi wao, wakavuka milima kwenye theluji mpaka Fukui. Nawafikiria hao akina mama kuliko daktari. Unatembea kwenye theluji na mtoto mwenye kidonda, ili mtoto wa mtu usiyemjua akute dawa.

Na wengine walikuwa wanakimbia. Uvumi ulienea kwamba mtoto akichanjwa kwa kitu cha ng'ombe ataota pembe. Msicheke, mmesikia mangapi kuhusu chanjo kwenye simu zenu? Daktari Kuwata Ryusai wa Edo, Tokyo ya leo, akajibu kwa picha. Akasambaza picha iliyochapwa ya mtoto amepanda ng'ombe mweupe, ameshika mkuki, anamfukuza shetani wa ndui. Nchi iliyomwomba mungu mwenye kichwa cha ng'ombe kwa karibu miaka elfu moja ililetewa kinga kutoka kwa ng'ombe. Wala sisemi kuna siri hapo. Ila ukiwa mwalimu wa afya unajua thamani ya kuwapa watu picha ambayo mioyo yao inaielewa.

Jina la Gozu Tenno lenyewe halikudumu. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru Shinto itenganishwe na Ubudha. Gozu Tenno alionekana amechanganyika mno, hekalu likabadilishwa jina kuwa Yasaka, na mungu wake akatajwa kwa jina la Kishinto, Susanoo. Magonjwa hayakungoja tangazo. Kipindupindu cha mwaka 1879 kiliua zaidi ya watu laki moja Japani, cha 1886 vilevile, na katika miaka ile maandamano ya Gion yaliahirishwa zaidi ya mara moja. Kisha mwaka 2020 na 2021, kwa ajili ya korona, magari hayakupita. Sherehe iliyoanzishwa kupambana na maradhi ikasimamishwa ili maradhi yasienee. Hekaluni makuhani waliendelea kuomba, watu wakatundika chimaki zao wakabaki nyumbani. Naona hiyo ilikuwa busara kubwa. Magari yalirudi mwaka 2022.

Na ndui? Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida hakuwa Japani. Alikuwa hapa kwetu, pwani ya Benadir, mji wa Merca, Somalia, mwezi wa kumi 1977. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Aliambukizwa alipopanda gari moja na watoto wawili wagonjwa kuwaonyesha njia. Chanjo alikuwa ameikwepa, aliogopa maumivu ya kuchanjwa. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha duniani. Baadaye Maalin alijitolea kwenye kampeni za polio, akipita kwa wazazi na kuwaeleza yaliyompata. Alifariki Julai 2013, kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Alhamisi tunaendelea na sehemu ya 15: kipindupindu cha Unguja, mwaka 1869. Maswali wekeni, niko zamu ya usiku, nitajibu asubuhi nikitoka.